MVUA IKIKOSA WATU HUHAMA

(Hotuba kwa wanachama)



Tumeombwa tuseme juu ya ukame na kuhama kwa watu. Huenda wengine wenu wanajiuliza: mambo ya mvua yanakihusu nini chama cha wafanyakazi? Tunajibu kwamba yanakihusu sana. Mtu aliyetolewa kwao na jua hufika mlangoni pa kazi akiwa na njaa, na mwenye njaa hana nguvu ya kubishana juu ya ujira. Tutawaeleza yaliyotokea Marekani katika miaka ya 1930, kisha tutatazama ya kwetu.

Katikati ya Marekani kuna nchi tambarare, pana sana, yenye upepo mwingi na mvua chache. Zamani ilikuwa mbuga ya nyasi, na mizizi ya nyasi ndiyo iliyoshika udongo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza bei ya ngano ilipanda, watu wakaleta plau na matrekta, wakaipindua mbuga. Bei ilipoanguka, walilima zaidi ili wapate kulipa madeni. Mwaka 1931 mvua ikakatika. Udongo uliobaki wazi ukawa vumbi, upepo ukalichukua. Mwezi wa Mei 1934 vumbi hilo lilifika mpaka New York, na tarehe 14 Aprili 1935 dhoruba ilitia giza mchana.

Kufika mwaka 1940 watu kama milioni 2.5 walikuwa wameyahama majimbo hayo, na zaidi ya 200,000 kati yao walikwenda California. Lakini angalieni neno hili, ndugu. Si jua peke yake lililowatoa. Wengi wa waliokwenda California walitoka mahali ambapo vumbi halikuwa kali. Walikuwa wakilima pamba katika mashamba ya wengine na kugawana mavuno na mwenye shamba. Tangu 1933 serikali iliwalipa wenye mashamba ili wapunguze pamba. Wengi wao walipokea fedha, wakanunua matrekta, wakawaambia wakulima watoke. Na huko kwenye vumbi lenyewe watu wengi walibaki. Basi ukame husukuma, lakini anayeanguka kwanza ni yule asiye na ardhi yake wala akiba.

Huko California walikuta mashamba makubwa ya matunda na pamba, yenye kazi ya msimu tu. Tena walikuta wenzao wamekwisha kuanza kupigania ujira. Oktoba 1933 wachumaji pamba kama 18,000 wa bonde la San Joaquin waligoma. Wengi walikuwa Wamexico, na pamoja nao Weusi na Wazungu. Matajiri walitaka kulipa senti 60 kwa kila ratili 100; wafanyakazi walidai dola 1. Watu watatu waliuawa kwa risasi. Hata hivyo wagomaji hawakurudi nyuma, na mwisho wakapata senti 75. Walipata kwa sababu hawakukubali kugawanywa kwa rangi wala kwa kabila.

Miaka iliyofuata wageni walizidi kumiminika, na mgomo ukawa mgumu, maana aliyeacha kazi asubuhi mwenye njaa alikuwa tayari kuishika. Sheria nayo haikuwasaidia. Sheria ya 1935 iliyowapa wafanyakazi wa Marekani haki ya kuunda vyama na kupatana na matajiri iliwaacha nje wafanyakazi wa mashamba. Wale wa California walingoja mpaka 1975 wapate sheria yao.

Wengine walidhani dawa ni kufunga mlango. Februari 1936 mkuu wa polisi wa Los Angeles alipeleka askari 136 kwenye mipaka ya jimbo wawarudishe mafukara. Tena kulikuwa na sheria ya kumhukumu mtu aliyemwingiza fukara katika California. Mtu mmoja alihukumiwa kwa kumleta shemeji yake kutoka Texas. Mwaka 1941 mahakama kuu ya nchi iliifuta sheria hiyo. Kwa muda wote huo ujira haukupandishwa na askari wa mpakani.

Sasa ya kwetu. Kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo katika kaskazini ya Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Mfugaji aliyebaki na fimbo tu hutafuta kibarua. Wala msidhani mhamaji ni mtu wa mbali. Mwaka 2020 Ziwa Naivasha lilifurika likaingia mtaa wa Kihoto, wanakokaa wafanyakazi wa mashamba ya maua. Waliolala wafanyakazi waliamka wahamaji.

Tufanye nini? Kwanza, mgeni akifika kazini, mwakilishi wetu awe wa kwanza kumsalimu, kabla ya nyapara kumwambia kwamba chama ni adui yake. Pili, tumweleze haki yake: kwa Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Wengi hawalijui jambo hili, na tajiri hana haraka ya kuwaambia. Tatu, tumwandikishe. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya 2007 inamlazimisha tajiri kukitambua chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Kila mgeni tunayemdharau anatupunguzia hesabu hiyo.

Ndugu, hatuwezi kuamuru mvua inyeshe. Lakini twaweza kuamua kama mwenye njaa atakuja kuwa fimbo ya kutupigia, au mwenzetu katika safu. Mkirudi kazini kesho, mtazameni mgeni aliye karibu nanyi, mkamwulize kama ana kadi.

Umoja ni nguvu.