Data Ibaki Data: Kuonyesha Saa, Fedha na Namba za Simu katika Majedwali ya Programu za Kompyuta

Mada kwa semina ya watengeneza programu na makarani, Bweri, Musoma



Tuchukue basi linaloondoka hapa Stendi ya Bweri kwenda Mwanza saa 12 asubuhi. Kwenye kompyuta limeandikwa 06:00. Karani anasoma 06:00, anamtajia abiria saa kumi na mbili, kisha anageukia anayefuata kwenye foleni na kupiga hesabu ileile upya. Ninachokuja kusema ni kwamba hesabu hiyo ni kazi ya programu, na ifanyike mahali pamoja tu, pale kisanduku cha jedwali kinapochorwa kwenye skrini. Kilichohifadhiwa kisiguswe.

Wazo la kutenganisha data na mwonekano wake si geni. Trygve Reenskaug, Mnorwe, aliliandika mwaka 1979 alipokuwa Xerox PARC, California. Swing, maktaba ya kuchorea skrini iliyoingia rasmi katika Java 1.2 mwaka 1998, imejengwa juu yake. JTable, jedwali la Swing, yenyewe haitunzi data. Huiuliza modeli, yaani sehemu inayoshika data, thamani ya mstari fulani na safu fulani, kisha humkabidhi mchoraji wa kisanduku, ambaye ndiye anayeamua maandishi, rangi na upande wa kuegemea.

Mwenye haraka huruka hatua hiyo, akahifadhi maneno "saa 12 asubuhi" moja kwa moja kwenye hifadhidata. Jedwali linapendeza mpaka karani abofye kichwa cha safu ili ayapange mabasi kwa muda. Hapo basi la saa 10 jioni linapanda juu ya lile la saa 12 asubuhi, na la saa 3 usiku linatangulia la saa 4 asubuhi, kwa sababu kompyuta inalinganisha herufi, haioni saa. Hata kujua zimebaki dakika ngapi basi liondoke haiwezekani tena.

Hifadhi 06:00 kama saa halisi, umwachie mchoraji hesabu: ongeza 6, gawa kwa 12, chukua baki, baki ikiwa 0, andika 12. Saa 13:30 inakuwa saa 7:30 mchana, na 22:00 inakuwa saa 4 usiku. Ugumu uko kwenye neno linalofuata. Kanuni za CLDR za kuandika tarehe na saa kwa kila lugha, ambazo Java huzitumia kama chaguo la kwanza tangu toleo la 9, zinaihesabu 06:00 kuwa alfajiri. Kwa wengi wetu hapa hiyo ni asubuhi. Ushauri wangu ni kuwauliza makarani wa stendi kabla ya kuandika msimbo, maana wao ndio wanaosikia abiria wanavyosema.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye saa za usiku wa manane. Basi la 03:00 Jumamosi, kwa abiria, ni la saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi. Kisanduku kikionyesha "Jumamosi, saa 9 usiku" peke yake, yupo atakayefika Jumamosi usiku na kukuta basi liliondoka usiku uliotangulia. Kwa hiyo mchoraji wa safu ya saa lazima aitazame pia tarehe ya mstari uleule. Jedwali likiwa limepangwa upya, namba ya mstari kwenye skrini si namba yake kwenye modeli. Ibadilishe kwanza kwa convertRowIndexToModel, la sivyo utachukua tarehe ya basi jingine.

Kwenye fedha, mfanyabiashara wa dagaa anayedaiwa shilingi 12,500,000 anaweza kukuta kwenye skrini 1.25E7. Hiyo hutokea namba ikiwa ya desimali na modeli haijasema safu hiyo ni ya aina gani, hivyo JTable inaichukua kama kitu chochote tu na kuiandika Java inavyopenda. Tangaza aina ya safu kwa getColumnClass, hifadhi shilingi kamili bila senti, weka mikato ya maelfu, na namba ziegemee kulia ili tarakimu zikae chini ya tarakimu.

Namba ya simu nayo si namba ya kuhesabia. Ukiihifadhi kama namba, sifuri ya mbele inapotea. Wanasayansi nao wamelikuta tatizo la namna hiyo: mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni ilitangaza kwamba imebadilisha majina kadhaa, kwa mfano SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Pale programu haikuishia kwenye mwonekano. Iliharibu data yenyewe.

Sasa rangi. Mchoraji ni mmoja kwa visanduku vyote vya safu, anagongwa kwenye kimoja baada ya kingine kama muhuri. Ukimwambia aandike kwa nyekundu anapomfikia mdaiwa wa mstari wa nne, na usimrudishie rangi ya kawaida, waliolipa wote wanaochorwa baada yake watakuwa wekundu. Kila unapoandika sharti la nyekundu, andika na upande wa pili wa sharti hilo. Tena rangi iandamane na neno "Hajalipa", kwani wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na printa nyingi za ofisini ni za wino mweusi. Kisanduku kisichojazwa kionyeshe kistari, kamwe si 0, maana 0 ni jibu.

Mwisho, mchoraji huitwa kila karani anaposogeza jedwali. Usimtume kwenye hifadhidata. Modeli iwe imeshaleta kila anachohitaji, au jedwali litakwama huku foleni ya tiketi ikirefuka.