Kabla ya Kulipia Kiwanja, Panda Daladala ya Alfajiri

(Hii ni mada niliyoitoa kwenye darasa la Jumamosi la vijana wa tawi letu, Temeke. Nimeiandika karibu kama nilivyoizungumza.)

 

Katibu aliniomba nizungumzie haki za ardhi. Nikaona nikianza na vifungu vya sheria mtasinzia, na jua lenyewe hili. Kwa hiyo naanza na mama yangu.

Mama anauza chai na chakula Tandika. Miaka kumi na nne tumepanga, vyumba viwili, kodi ya miezi sita sita. Mwaka jana kikoba chao kilivunja mzunguko wakagawana, akaunganisha na akiba yake, akafikisha milioni 7. Akaniita: "Mwanangu, si unasomea sheria wewe? Nitafutie pa kujenga." Nikamwambia mama, mimi bado niko mwaka wa tatu. Akasema mitatu inatosha kusoma karatasi.

Dalali akatuonyesha sehemu mbili. Ya kwanza iko mbele ya Chanika, ishirini kwa ishirini, milioni 4. Ya pili iko Chamazi, kiwanja kidogo chenye banda la vyumba viwili ambamo muuzaji anaishi na familia yake, milioni 7. Mama moyo ukaangukia kule Chanika. Hesabu yake rahisi: nabakiwa na milioni 3, nachimba msingi.

Nikamwomba kitu kimoja: kabla hatujalipa, twende tukalale huko, tuamkie kazini kama wenyeji. Shoga yake mmoja akatupokea. Tukatoka saa kumi alfajiri. Boda mpaka barabarani kwenye giza, daladala ya kwanza tumesimama, ya pili tumening'inia mlangoni. Tandika tumefika saa moja kasoro. Wateja wa chai wa saa kumi na mbili walishakunywa kwa jirani. Mama hakusema kitu, akaanza kuwasha mkaa.

Jioni tukakaa na daftari. Boda 1,500, daladala mbili 1,500, kwenda na kurudi 6,000. Kutokea Chamazi tulipiga hesabu ya 2,000 kwa siku. Tofauti ni 4,000. Kwa siku 26 za kazi ni 104,000 kwa mwezi. Yaani zile milioni 3 "tulizookoa" zinaisha kwa nauli kabla ya miaka miwili na nusu, na baada ya hapo unaendelea kulipa maisha yako yote. Hapo sijahesabu wateja wa alfajiri, wala usalama wa mama wa miaka hamsini juu ya boda saa kumi usiku.

Makamanda, ndiyo hoja yangu ya leo. Bei anayotaja dalali si bei ya kiwanja. Bei ya kiwanja ni hela unayotoa, jumlisha nauli, jumlisha muda, jumlisha hatari ya karatasi. Maskini tunauziwa sehemu ya kwanza kwa bei nafuu, halafu hizo nyingine tunalipa kidogo kidogo mpaka kaburini.

Sasa kabla hujatoa hela, uliza maswali matatu.

La kwanza: nitafikaje kazini, leo, si kwenye tangazo? Siku hizi kila dalali wa Pwani ana kiwanja "dakika tano kutoka SGR". Ni kweli treni ya SGR ilianza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro Juni 2024, na Soga kuna stesheni. Lakini stesheni kuwepo ni jambo moja, na treni ya kukufikisha kazini kila asubuhi kwa nauli unayoiweza ni jambo jingine. Soma ratiba, kata tiketi, panda siku ya kazi. Kigamboni vilevile. Daraja lilifunguliwa Aprili 2016, tukashangilia kuachana na foleni ya pantoni, lakini lilikuja na tozo. Anayehamia ng'ambo aweke tozo kwenye daftari lake.

La pili: ardhi hii imepangiwa nini? Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Wewe unachonunua ni haki ya kuitumia. Kuna ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Ukienda pembezoni huko Mkuranga, Kisarawe au Kibaha, unaweza kuwa umesimama kwenye ardhi ya kijiji, ambayo ina sheria yake, Na. 5 ya 1999, na hapo huwezi kuikwepa halmashauri ya kijiji. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, omba kuona ramani ya mipango miji. Usije ukajenga sebule kwenye eneo la shule.

Mnakumbuka Kimara. Mwaka 2017 nyumba kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara mpaka Kiluvya, zilibomolewa kwa hoja ya hifadhi ya barabara, bila fidia. Watu walikuwa na umeme na maji, wamekaa pale miaka na miaka. Funzo lake ni chungu: luku si hati. Serikali inaweza kukuuzia umeme leo na kukuwekea X kesho. Na Kigamboni, kuanzia 2008 watu walizuiwa kuendeleza maeneo yao kupisha mpango wa mji mpya, wakakaa miaka wakisubiri mji ambao hawakuuona.

La tatu: nani mwenyewe, na nani mwingine ana haki? Kama kuna hati, usiridhike na fotokopi ya dalali. Omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, utaona jina la mmiliki na kama kuna mkopo wa benki juu yake. Kama hakuna hati, zungumza na majirani wa pande zote nne, tena dalali akiwa hayupo. Kama ni mali ya marehemu, dai barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Mkataba uwe wa maandishi. Na kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuiuza bila ridhaa ya mwenzake.

Hapo ndipo Chamazi ilipoharibika. Tulimuuliza muuzaji, mama watoto yuko wapi? Akajibu ameenda Tanga kuuguza. Tukaomba namba. Akasita, mwishowe akatoa. Mama akapiga yeye mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke. Yule dada alikuwa ndiyo kwanza anasikia kwamba nyumba yake inauzwa. Alilia kwenye simu mpaka mama naye akalia. Tukaacha.

Kwa hiyo mpaka leo mama yangu yupo palepale, vyumba viwili, hela iko benki na bei za viwanja zinapanda. Amefanya kila kitu sawasawa. Amedunduliza, ameuliza, amepanda daladala, hakumdhulumu mtu. Na bado hajapata pa kujenga. Sasa nauliza, kosa ni la mama?

Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 Dar es Salaam, wakati ile ya 2012 ilihesabu milioni 4.3. Hao milioni moja hawakushuka usiku mmoja. Serikali iliyojua wanakuja ilitakiwa ipime viwanja na ipeleke usafiri kabla yao, si iwafuate na rangi nyekundu. Na isituambie haiwezekani. Miaka ya 2000 kulikuwa na mradi wa viwanja 20,000, ukapima maeneo kama Bunju, Kibada na Toangoma. Inawezekana. Ila mama ntilie wa Tandika anahitaji kiwanja kilichopimwa anachoweza kulipia kidogo kidogo, kwenye njia ambayo basi linapita.

Na kwa wale mnaoishi tayari kwenye ardhi ya urithi isiyo na hati, msitishwe. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Lohay Akonaay, ilisema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Na Sheria ya Ardhi inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Sisemi kila aliyejenga popote analindwa, hapana. Nasema usisaini karatasi ya mtu kwa sababu tu amekuja na gari la serikali.

Namalizia na la kwetu, na najua halitawafurahisha wote. Mnaijua asilimia 10. Mtu anauziana kiwanja, ofisi ya mtaa inataka chake ndipo igonge muhuri. Mwananchi anaondoka akiamini muhuri ule ni hati, kumbe mwenyekiti wa mtaa si msajili wa ardhi. Nimesikia hapa watu wakiwalaani wenyeviti wa chama tawala kwa hilo. Sawa. Ila nilipokuwa naulizia kiwanja cha mama, nimekutana na waliolipa asilimia hiyo hiyo kwenye mtaa uliokuwa na mwenyekiti wa kwetu. Kama tunaomba kura kwa ajili ya haki, hatuwezi kula kwenye sahani ileile.

Napendekeza mambo mawili, katibu aandike. Moja: yeyote atakayegombea mtaa kwa tiketi yetu atamke hadharani kwamba hatachukua hela ya mauziano ya ardhi. Pili: tawi liwe na dawati la bure siku za Jumamosi, sisi wanafunzi wa sheria tuwasomee watu karatasi zao kabla hawajalipa. Hatutakuwa mawakili wao, bado hatujafika huko. Tutawaambia tu nini cha kuuliza na ofisi gani ya kwenda. Mimi nitaanza wiki ijayo. Anayetaka kusaidia anione.

Mama amesema chai ataleta yeye.