Bomba Lipo, Gesi Haikufika



Mwaka 2003 gesi ya Misri ilianza kupita bombani kutoka El Arish hadi Aqaba, nchini Yordani. Mwaka 2008 ikafika Syria, na mwaka 2009 Lebanon ya kaskazini. Majirani walikuwa wameamua, na wakaweza.

Lakini kuanzia mwaka 2011 bomba hilo lililipuliwa mara kwa mara huko Sinai, na Misri yenyewe ikapungukiwa gesi. Kufikia mwaka 2021 Lebanon ilikuwa gizani. Septemba mwaka huo mawaziri wa nchi hizo nne walikutana Amman, wakakubaliana kuifufua njia ile. Juni 2022 ukatiwa saini mkataba wa mita za ujazo milioni 650 kwa mwaka.

Hata hivyo, hadi mwaka 2024 gesi hiyo ilikuwa haijafika. Kwa nini? Misri ilisubiri hakikisho la Marekani kwamba vikwazo dhidi ya Syria havitaigusa. Fedha zilitarajiwa kutoka Benki ya Dunia, nayo ilidai kwanza mageuzi katika shirika la umeme la Lebanon.

Ni rahisi kuwalaumu wakubwa, na lawama wanastahili. Lakini shirika lililoendeshwa kwa hasara miaka mingi ndilo lililowafungulia mlango. Umoja wa majirani hauishii katika saini na chuma. Unadai mfuko wa pamoja na hesabu safi nyumbani. Anayemwachia mwingine ufunguo asishangae kulala nje.