Nia ya Kuacha Sigara Hutoka Wapi?



Msimu wa korosho ukifika, minada ya chama kikuu cha RUNALI, kinachowaunganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huingiza fedha mifukoni. Ndipo mvutaji aliyezoea kununua sigara moja moja gengeni hununua pakiti nzima. Fedha zikikatika hurudi kwenye moja moja, na hapo ndipo husema, "Sigara nitaiacha tu." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi Nachingwea na Ruangwa. Wiki hii nataka tujiulize: nia hiyo hutoka wapi, na kwa nini huishia mdomoni?

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa watu wazima wapatao milioni 2.6, yaani asilimia 8.7, walikuwa wakitumia tumbaku nchini. Ni vigumu kumpata asiyejua madhara yake, kwani onyo limeandikwa kwenye pakiti. Kama kujua kungetosha, viwanda vingekwisha fungwa zamani.

Kinachomgusa mvutaji kwanza ni mfuko. Tuseme sigara moja ni shilingi 200 naye huvuta tano kwa siku. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa siku, na shilingi 365,000 kwa mwaka. Hizo ni sare na madaftari ya watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa, katika nchi kama zetu, bei ikipanda kwa asilimia 10 matumizi hupungua kwa asilimia 5 hivi.

Pili ni watu wa nyumbani. Mke anayelalamikia moshi, au mtoto anayekohoa usiku, huweza kumgusa baba kuliko bango lolote.

Tatu ni neno la mganga. Imethibitika kuwa hata dakika tatu za ushauri wa daktari au muuguzi huongeza idadi ya wanaofaulu kuacha. Basi naomba katika kila zahanati mgonjwa aulizwe, "Unavuta?" na akijibu ndiyo, asiachwe aondoke hivi hivi.

Lakini, ndugu msikilizaji, nia ina adui. Kukosa nikotini humfanya aliyeacha awe na hasira, akose usingizi na kutotulia. Siku za kwanza ndizo ngumu zaidi, kisha hali hupungua kwa muda wa wiki tatu au nne hivi. Katika siku hizo, rafiki kwenye bao anayesema, "Shika moja tu, bwana," anabomoa kazi kubwa.

Kwa hiyo anayetaka kuacha apange tarehe, aitangaze nyumbani, na akae mbali na kijiwe cha wavutaji kwa muda. Akianguka asijione ameshindwa, maana wengi huacha baada ya kujaribu mara kadhaa. Faida ipo: mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa moyo inayoletwa na sigara hupungua kwa nusu hivi.

Wahenga walisema penye nia pana njia. Nia mvutaji anayo. Tusimzibie njia kwa kumkaribisha sigara, wala kwa kumcheka anapojaribu tena.