Tunakili Picha za Nyumbani, Wanaojua Majina Wangali Nasi



Madawati na vyoo vya shule tumevichangia na tutaendelea kuvichangia. Mwaka huu kamati inaomba fungu moja dogo la ziada: kunakili picha za zamani zilizomo majumbani mwetu, kuanzia Sirari hadi Mugumu. Zipo za vijana waliokwenda vita vya Kagera mwaka 1978, za harusi, za ngoma ya ritungu, za wanafunzi wa darasa la saba. Nyingi zimo kwenye masanduku ya bati au ukutani, na mchwa, moshi na unyevu havingoji harambee.

Kwa nini tununue lenzi ya makro badala ya skana? Skana huhitaji umeme na meza, na picha ndizo husafirishwa kuifuata. Mzee hatakubali picha pekee ya marehemu mkewe ipandishwe basi. Kamera huingia begini, hutumia betri, na humfuata mzee nyumbani kwake. Lenzi ya makro huona vizuri kwa karibu sana, hata negativu ya milimita 24 kwa 36 ikajaza picha nzima bila sura kufifia.

Kazi yenyewe vijana wetu wanaweza kuijifunza. Kamera hufungwa kwenye stendi ikitazama chini. Taa mbili huwekwa kushoto na kulia, zimeinama nyuzi 45, ili karatasi isimeremete. Negativu hulazwa juu ya taa bapa nyeupe, kisha kompyuta hugeuza weusi kuwa weupe. Picha iliyogandamana na kioo haibanduliwi. Hupigwa pamoja na kioo chake. Mwenye picha hurudishiwa papo hapo.

Wenzetu wa Uganda wametutangulia: tangu 2011 mradi wa History in Progress Uganda umekuwa ukikusanya na kunakili picha za watu wa kwao.

Lakini hoja kubwa ni majina. Katika hesabu, malipo yasiyo na stakabadhi hayana maelezo. Picha isiyo na jina ni vivyo hivyo. Lenzi itaokoa sura. Haitatuambia huyu ni nani, mtoto wa nani, wa ukoo gani. Hilo analijua bibi wa miaka themanini, na akiondoka, hakuna mchango utakaolirudisha. Kwa hiyo fungu hili litalipia vijana wawili: mmoja apige, mwingine aandike majina.

Tunaomba kamera, lenzi, stendi, taa, diski na nauli. Nakala zitakuwa tatu: ya familia, ya Tarime na ya Mugumu. Hakuna picha itakayotolewa hadharani bila idhini ya wenyewe.

Mkirudi nyumbani Desemba, msisubiri kamera. Ketini na wazee, ulizeni majina, yaandikeni nyuma ya picha kwa penseli laini.