AZT: wagonjwa 19 wa kwanza

Dawa mpya inapotoka maabara na kupewa binadamu kwa mara ya kwanza, watafiti hawaanzi kwa kuuliza kama inaponya. Huuliza kwanza: je, mwili wa mgonjwa utaihimili, na kwa kipimo gani?

Ndivyo ilivyokuwa kwa AZT, dawa ya kwanza kuidhinishwa dhidi ya virusi vya Ukimwi. Iliundwa mwaka 1964 na mwanakemia wa Marekani, Jerome Horwitz, kwa matumaini ya kutibu saratani. Haikufaa, ikawekwa kando. Miaka ishirini baadaye ilibainika maabara kwamba inazuia virusi vya Ukimwi kuzaliana. Julai 1985 Samuel Broder, Robert Yarchoan na wenzao wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani wakaanza kuwapa wagonjwa.

Wagonjwa hao walikuwa 19 tu, na kila mmoja alifuatiliwa kwa wiki sita. Kipimo kilianza kikiwa kidogo, kisha kikapandishwa hatua kwa hatua. Matokeo yalichapishwa Machi 1986 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Dawa ilifyonzwa vizuri tumboni na kufika hadi kwenye ubongo. Wagonjwa 15 waliongezeka chembe za kinga, na kwa wastani kundi zima liliongezeka uzito wa kilo 2.2. Madhara makuu yaliyoonekana ni kuumwa kichwa na kupungua kwa chembe nyeupe za damu.

Hata hivyo, wiki sita haziwezi kufichua kila jambo. Jaribio lililofuata lilihusisha wagonjwa 282, na lilisimamishwa Septemba 1986. Waliokuwa wakipewa vidonge visivyo na dawa walikuwa wamefariki 19. Miongoni mwa waliotumia AZT alifariki mmoja. Lakini upungufu mkubwa wa damu uliwapata asilimia 24 ya waliotumia dawa hiyo, ikilinganishwa na asilimia 4 ya wenzao, na asilimia 21 walilazimika kuongezewa damu zaidi ya mara moja.

AZT iliidhinishwa nchini Marekani Machi 1987, kwa kuwa mauti yalikuwa mlangoni na tiba nyingine haikuwapo. Mwaka 1990 kipimo chake kilipunguzwa kwa takriban nusu, baada ya utafiti kuonyesha kwamba kiasi hicho kinafaa vilevile na kina madhara machache. Kwa miaka hiyo mitatu, wagonjwa walikuwa wamebeba mzigo uliozidi haja.

Kwa hiyo, msikilizaji anapopata habari kwamba dawa mpya ya Ukimwi imeonekana kuwa salama katika majaribio ya awali, ni vyema aulize mambo matatu: imejaribiwa kwa watu wangapi, kwa muda gani, na kwa kipimo gani.