SUKARI YA DAMU KATIKA ZAMU YA USIKU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Migori na Homa Bay)

Bwana Mwenyekiti, na ninyi ndugu wafanya kazi,

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini haikuendelea hata Homa Bay wala Migori. Kwa hiyo sisi wa huku tulioajiriwa na reli twafanya kazi mbali na majiko yetu, na usiku wa zamu twala tupatacho. Kwa mwenye ugonjwa wa kisukari hiyo ni hatari.

Mwenzetu mmoja alijidunga insulini jioni, kazi ikazidi, asile. Saa nane za usiku akatokwa na jasho, mikono ikatetemeka, akasema maneno yasiyoeleweka. Nyapara akasema, "Huyu amelewa," akataka kumwandikia barua. Nasi, twaona haya kusema, tulicheka. Mmoja wetu, ambaye mama yake ana ugonjwa huo, ndiye aliyemnywesha maji ya sukari. Baada ya robo saa akatuita kwa majina.

Basi tujifunze. Insulini, na baadhi ya vidonge, huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Kipimo kikionyesha chini ya 3.9 (au chini ya 70 katika mashine nyingine), mgonjwa anywe upesi vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji. Angoje dakika 15, apime tena. Ikiwa bado, arudie. Kisha ale chakula cha kukaa tumboni, kama nyoyo au ugali kwa omena. Aliyezimia asinyweshwe kitu, atapaliwa. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali mara moja.

Kwa alalaye nyumbani, jasho la usingizini, ndoto mbaya na kuumwa kichwa asubuhi huenda ni dalili kwamba sukari ilishuka usiku. Tena sukari ikiwa juu asubuhi, tusimshtaki kwamba amekula kwa siri, maana karibu na alfajiri ini lenyewe hutoa sukari. Apime kabla ya kulala, na siku nyingine saa tisa za usiku, aandike hesabu ampelekee daktari. Asibadili dawa kwa shauri la jirani. Pombe nayo huzuia ini kutoa sukari kwa saa nyingi. Asinywe na tumbo tupu kisha akalala.

Ndugu, twaomba chama kidai mambo mawili: wakati wa kula katika zamu ya usiku usikatwe, na sukari iwekwe katika kila sanduku la huduma ya kwanza. Na mwenye ugonjwa asifiche; awaambie wenzake wawili wa zamu, ili siku ile wasimcheke kama tulivyocheka sisi.

Umoja ni nguvu.